Diski nyuma, pawa stelingi mbele: nini hasa kinabadilika kwenye pikapu ya zamani

Kila gari la mizigo linapoanguka kwenye mteremko wa Kitonga kule Iringa, wa Iwambi pale Mbeya, au kwenye kile kipande cha Salgaa na Sachang'wan nchini Kenya, taarifa huja na maneno yaleyale: breki zilifeli. Siku mbili tatu zinazofuata, wenye pikapu za zamani huanza kuulizana la kufanya, na majibu hayachelewi. Weka diski nyuma. Tafuta busta kubwa, kile kifaa kinachouongezea nguvu mguu unaokanyaga breki. Nunua pawa stelingi ya nusu-kata, yaani ya gari lililotumika lililokatwa na kuuzwa kama spea, utageuza kwa kidole kimoja. Katika majibu hayo yamo mazuri, yamo yasiyo na faida, na yamo yanayoweza kuligeuza gari lililokuwa salama kuwa la hatari. Tatizo ni kwamba yote hutolewa kwa mkupuo mmoja kabla mtu hajauliza gari lenyewe linasumbuliwa na nini.

Ninaposema pikapu ya zamani, nina maana ya zile zinazotulisha. Kuna Toyota Hilux za kizazi cha 1988 hadi 1997, hasa zile za 4x4 zenye ekseli nzima (moja inayounganisha magurudumu ya pande zote mbili) na springi za majani hata mbele. Kuna Land Cruiser 75 na ndugu yake 79 aliyeanza 1999, ambazo wengi huziita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Na zipo Land Cruiser 45 chache zilizobaki, nyingine zikiwa na breki za dramu magurudumu yote manne na stelingi isiyo na pawa kabisa. Magari haya hayatoki barabarani kesho. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, na pikapu mpya si ya kila mfuko. Anayeteremsha kabichi kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ataendelea na gari alilonalo.

Kurejesha ni tofauti na kuboresha

Tuanze na maneno mawili ambayo gereji nyingi huyachanganya. Kurejesha ni kulirudisha gari katika hali aliyoikusudia aliyelitengeneza: raba mpya ndani ya masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli), brekishu mpya (vipande vinavyobana dramu kwa ndani), tairodi endi zisizocheza (ncha za fimbo zinazogeuza magurudumu), mafuta mapya ya breki. Kuboresha ni kulipa gari kitu ambacho halikuzaliwa nacho: diski mahali palipokuwa na dramu, kalipa kubwa zaidi (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), pawa stelingi.

Malalamiko mengi ninayoyasikia kuhusu breki na stelingi za pikapu za zamani huisha kwenye kurejesha. Hilux ya mwaka 1992 ilipotoka kiwandani ilisimama vizuri ikiwa na tani moja mgongoni. Ikiwa leo haisimami, swali la kwanza ni nini kimechakaa. Ukiruka hatua hii ukaenda moja kwa moja kununua kalipa kubwa, utakuwa umefunga kitu kipya kwenye mfumo mgonjwa, na ugonjwa utabaki palepale huku pesa zimekwisha.

Kuboresha kuna mahali pake, na nitalitetea mbele. Ila linataka kuelewa kwamba ndani ya breki na ndani ya stelingi hakuna kifaa kinachofanya kazi peke yake. Ukigusa kimoja, kingine nacho hubadilika.

Joto, na safari ya mafuta

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Hapo pana hesabu moja ambayo kila dereva angefaidika kuijua: mwendo ukiongezeka mara mbili, joto ambalo breki inapaswa kulimeza huongezeka mara nne. Kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa kunazalisha joto zaidi kwa asilimia 56 kuliko kusimama kutoka 80, ingawa kwenye dashibodi mshale umesogea kidogo tu. Uzito nao huongeza joto kwa kiwango kilekile unavyoongezeka. Hilux tupu ina takriban tani moja na nusu. Ipakie tani moja na umeongeza mzigo wa breki kwa takriban theluthi mbili, hata kabla hujaanza kuteremka.

Nguvu ya mguu wako hufika kwenye magurudumu kwa njia ya mafuta. Chukua mabomba mawili ya sindano, moja jembamba na moja nene, yaunganishe kwa mpira na uyajaze maji. Ukisukuma lile jembamba, lile nene litasogea kidogo tu lakini kwa nguvu nyingi. Masta silinda ndiyo bomba jembamba. Kalipa, na wili silinda zinazosukuma brekishu ndani ya dramu, ndiyo mabomba manene. Kutokana na hapo unaweza kulijibu mwenyewe swali linalowapoteza wengi: je, masta silinda kubwa zaidi inaleta breki kali zaidi? Hapana. Masta nene husukuma mafuta mengi kwa msukumo mfupi, kwa hiyo pedeli huwa fupi na ngumu, lakini shinikizo linalofika magurudumuni ni dogo kwa nguvu ileile ya mguu. Masta nyembamba hutoa shinikizo kubwa zaidi lakini pedeli hushuka zaidi. Aliyefunga kalipa kubwa akaacha masta ya zamani anaweza kukuta pedeli imezama karibu na sakafu. Aliyefunga masta kubwa mno atakuta gari linamtaka asimame wima juu ya breki. Vitu hivi viwili hununuliwa kwa kuoanishwa.

Mafuta ya breki yenyewe yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na mafuta yenye maji huchemka mapema. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanwa. Ukikanyaga, unabana mvuke, na pedeli inakwenda chini bila gari kupungua mwendo. Baadhi ya zile "breki zilizofeli" za pikapu mteremkoni huwa ni hivi: kila kifaa ni kizima, mafuta yamekaa miaka sita bila kubadilishwa. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 na kutoa upepo magurudumu yote ni kazi ya bei ndogo kuliko tairi moja, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuanzia kwa kila pikapu ya zamani.

Hapa niseme jambo ambalo bado linafanyika njiani: kuongeza oili ya injini, oili ya haidroliki au maji ya sabuni mafuta ya breki yanapopungua. Oili ya madini hufanya raba za ndani zivimbe na kulainika, na baada ya hapo hakuna raba hata moja kwenye mfumo unayoweza kuiamini, kuanzia masta hadi gurudumu la mwisho. Aliyefanya hivyo anatakiwa kubadilisha zote. Na DOT 5, ile ya silikoni, isichanganywe na DOT 3 wala DOT 4. DOT 5.1 ni kitu kingine na huchanganyika nazo.

Pedeli inasema nini

Kabla ya kufungua gurudumu lolote, kaa kwenye kiti ukanyage breki. Pedeli ikishuka sana mara ya kwanza, ikapanda ukikanyaga mara ya pili upesi, kwa kawaida brekishu za nyuma ziko mbali na dramu. Ikiwa laini kama unakanyaga godoro, kuna upepo ndani. Ukiishikilia ikawa inazama polepole na hakuna mafuta yanayovuja nje, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Ikiwa ngumu kama ukuta, elekeza macho kwenye busta.

Busta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli huuzalisha mvuto huo yenyewe, injini ya dizeli haiuzalishi, ndiyo maana hupewa pampu maalumu ya kuvuta hewa. Kwenye injini za dizeli za 2L na 3L za Hilux, pampu hiyo imekaa mgongoni mwa oltaneta. Basi mtu anabadilisha oltaneta kwa sababu betri haichaji, anauziwa inayofanana lakini haina pampu au pampu yake imekufa, na wiki hiyohiyo anaanza kulalamika kwamba breki zimekuwa ngumu. Hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Kuipima busta ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, ishikilie hapo, kisha washa injini. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, busta inapata hewa na inafanya kazi. Isipozama, angalia pampu, mpira wake na vali yake kabla ya kununua busta yoyote kubwa.

Kwa sababu hiyohiyo, kuzima injini mteremkoni ili kubana mafuta ni hatari kubwa. Busta hubaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, na ikiisha umebaki na mguu wako peke yake. Kuweka fri huku injini inawaka nako kunaiacha kazi yote kwa breki, wakati gia ndogo ingemeza sehemu kubwa ya joto hilo bila gharama. Hakuna diski, hata ikiwa nene namna gani, iliyotengenezwa kuchukua nafasi ya gia ya pili kule Kitonga.

Vali ya mzigo, ambayo karibu hakuna anayeitazama

Ingia chini ya Hilux ya 4x4, sogea nyuma karibu na difu. Utaona kijisanduku cha chuma kimefungwa kwenye chesisi, paipu za breki zinaingia na kutoka, na kutoka kwake fimbo nyembamba imeshuka hadi kwenye ekseli. Hiyo ndiyo vali ya mzigo, na kwenye orodha za spea huandikwa LSPV. Land Cruiser nyingi nazo zinayo. Nimeikuta imefungwa juu kwa kipande cha mpira wa tyubu, nimeikuta fimbo imekatwa, na nimeikuta paipu zimeipita pembeni kana kwamba haipo.

Kazi yake ni hii. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na ukikanyaga breki kwa nguvu uzito wote hukimbilia mbele. Magurudumu ya nyuma yakipewa shinikizo sawa na ya mbele yatakwama, na gari lenye matairi ya nyuma yaliyokwama hugeuka mkia uwe mbele. Pikapu iliyopakia ni kinyume: nyuma kuna uzito wa kutosha kulishikilia tairi na lami, kwa hiyo breki za nyuma zinaweza na zinapaswa kufanya kazi zaidi. Vali hii hupima hali hiyo kwa njia ya kimwili kabisa. Mzigo ukiingia, chesisi hushuka na kukaribia ekseli, fimbo husukumwa, vali hufungua shinikizo zaidi kwenda nyuma. Mzigo ukitoka, chesisi hupanda, vali hubana.

Sasa fikiria tunachofanya sisi. Karibu kila pikapu ya biashara imeongezwa majani ya springi nyuma ili isikae chini ikipakia. Ikishaongezwa, chesisi haishuki tena kama zamani hata ikiwa na tani moja. Vali inasoma umbali uleule wa gari tupu, na inabana breki za nyuma huku gunia limefika juu ya kebini. Magurudumu ya mbele yanabeba kazi yote, diski zinapata moto, pedi zinaisha kila baada ya miezi michache, na dereva anasema breki za nyuma hazikamati. Fundi naye anasema: bosi, hapa tuweke diski nyuma. Diski inawekwa, na breki za nyuma bado hazikamati, kwa sababu shinikizo linalofika ni lilelile dogo lililobanwa na vali ileile.

Njia ya pili ambayo hutumika ni kuiondoa vali kabisa. Dereva anafurahi siku hiyo kwa sababu gari lililopakia linakamata. Siku analirudisha tupu kwenye mvua, akakanyaga ghafla kwa ajili ya bodaboda, nyuma inamtangulia.

Tiba yake haihitaji kununua kitu. Vali ina mahali pa kurekebisha, kwenye fimbo na kwenye inapofungwa kwenye chesisi, na springi zikibadilika inatakiwa irekebishwe ilingane na urefu mpya wa gari, kwa kupima shinikizo la mbele na la nyuma kwa geji. Gereji yenye geji hizo inafaa kusafiriwa. Kama vali imekufa kwa kutu, ibadilishwe na nyingine ya modeli hiyohiyo.

Dramu si adui

Diski ina ubora wa kweli. Inapoa haraka kwa sababu iko wazi, na ikipata moto hupanuka ikielekea pedi. Dramu ikipata moto hupanuka ikizikimbia brekishu, ndiyo maana pedeli hurefuka kadiri mteremko unavyoendelea. Kwa hiyo kama unayo Land Cruiser 45 yenye dramu mbele, kuihamishia diski za mbele ni uboreshaji ninaouunga mkono bila kusita. Toyota yenyewe ilianza kuweka diski mbele kwenye familia hiyo katikati ya miaka ya 1970, na ekseli au mikono ya magurudumu ya Land Cruiser za baadaye huweza kukupa karibu kila kitu unachohitaji. Ila usiache masta silinda ya dramu. Masta nyingi za dramu zina kijivali kinachobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu ili brekishu zisirudi mbali. Shinikizo hilo likibaki kwenye diski, pedi hukaa zimegusa muda wote, gurudumu linapata moto, na mafuta yanachemka ukiwa hata hujakanyaga. Chupa ya mafuta nayo iwe kubwa ya kutosha, kwa sababu kalipa huhitaji mafuta zaidi kadiri pedi zinavyoisha.

Kwenye Hilux, ambayo mbele tayari ina diski, uboreshaji unaojulikana ni kuchukua kalipa na diski nene zenye matundu katikati kutoka 4Runner ya V6, gari ambalo Japani liliuzwa kama Hilux Surf. Ni kazi nzuri kwa anayebeba mizigo milimani. Sharti lake ni kalipa na diski zije pamoja. Kalipa iliyotengenezewa diski nene ukiifunga kwenye diski nyembamba, pistoni hutoka nje kupita kiasi pedi zikianza kuisha, na siku moja mafuta yanamwagika. Hakikisha pia rimu zako zinaipita kalipa hiyo bila kuigusa.

Nyuma, dramu nzuri zinatosha kwa pikapu nyingi, na zina faida ya kushika vizuri kwa hendibreki, kitu ambacho wengi waliofunga diski nyuma wamekipoteza. Mara nyingi dramu za nyuma zinazolaumiwa zina ugonjwa wa kawaida. Hilux nyingi za kizazi hiki zina kirekebishi ndani ya dramu ambacho husogea pale unapovuta hendibreki, ule mkono unaovutwa chini ya dashibodi. Dereva asiyevuta hendibreki, anayeegesha kwa gia na jiwe, haruhusu brekishu zisogezwe kamwe. Nyuma ya kila dramu kuna kikwiko cha chuma ambacho waya wa hendibreki hukivuta. Matope yakikaa humo kinashika kutu na hakirudi. Kifungue, kisafishe, kipake grisi, rekebisha brekishu kwa mkono, halafu vuta hendibreki kila siku. Pedeli itapanda mpaka ushangae.

Angalia pia kama sili ya ekseli inavuja. Brekishu iliyolowa oili ya difu haifuliwi kwa petroli wala haichomwi ikapona. Moto ukiipata tena oili hutoka ndani. Badilisha sili, kisha brekishu za pande zote mbili. Na lile zoezi la kubana mpira au kupigilia paipu ya gurudumu moja linalovuja ili "tufike kwanza" linaacha gari likivuta upande mmoja, halafu watu husahau. Ninapokagua pikapu ya kununua, hilo ndilo la kwanza kulitafuta.

Matairi yanaingia hapa pia. Kutoka 205R16 kwenda 265/75R16 kunaongeza kipenyo kwa karibu asilimia 9 au 10, na breki zilezile zinapoteza uwezo kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, kwa sababu tairi kubwa ni wenzo mrefu zaidi dhidi ya breki. Pendeza utakavyo, lakini hilo lihesabiwe.

Stelingi: wepesi ni kitu kimoja, unyoofu ni kingine

Pawa stelingi hupunguza nguvu unayotumia kuzungusha usukani. Haiondoi kucheza, wala kuyumba au kutetemeka. Ukiifunga kwenye gari lenye tairodi endi zilizochoka, utapata gari linaloyumba kwa wepesi, na ncha hizo zitachoka upesi zaidi kwa sababu sasa zinasukumwa na nguvu ya pampu.

Pima hivi. Gari limesimama, matairi yameelekea mbele, mwambie mtu azungushe usukani kidogo kushoto na kulia huku wewe uko chini unatazama kila kiungio: mkono unaotoka kwenye boksi la stelingi, draglinki (fimbo inayopeleka msukumo wa mkono huo hadi gurudumuni), tairodi endi, beringi za kingipini (ambako gurudumu hugeukia). Kiungio kinachosogea kabla ya kingine kufuata ndicho kibovu. Usukani wenyewe ukicheza zaidi ya sentimita 3 au 4 kwenye ukingo bila tairi kusogea, kuna kazi. Gusa kila kiungio kwa kidole wakati mwenzako anazungusha. Mchezo mdogo ambao jicho halioni, kidole huusikia.

Wengi hukimbilia skrubu iliyo juu ya boksi la stelingi wakaikaza mpaka kucheza kuishe. Boksi la aina hii limetengenezwa liwe la kubana zaidi katikati, mahali ambapo gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja, na ndipo linapochakaa kwanza. Ukilikaza kufidia katikati iliyolika, linakuwa limebana kupita kiasi ukikata kona, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Dereva anazoea, mpaka siku anapotoka kwenye kona kwa kasi na usukani umebaki ulipo. Marekebisho madogo yanakubalika. Zaidi ya hapo boksi linataka beringi mpya au kubadilishwa.

Kutetemeka kwa usukani ghafla baada ya kugonga shimo, kule ambako gari zima linatikisika mpaka usimame, hutibiwa na wengi kwa shokapu mpya ya stelingi. Shokapu hiyo huficha dalili kwa muda. Kwenye ekseli nzima chanzo huwa beringi za kingipini zilizolegea, tairodi endi, bushi, matairi yasiyo na balansi, au pembe ya ekseli iliyoharibika baada ya kuinuliwa kwa springi. Pembe hiyo ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe, na ukiinua gari bila kuirekebisha unaipunguza.

Ukishamaliza hayo na bado unataka pawa, sawa, hasa kwa Land Cruiser 45 inayogeuzwa kwenye vichochoro vya soko ikiwa imepakia. Lakini chagua boksi kwa makini. Kwenye Hilux ya ekseli nzima, mkono wa boksi huenda mbele na nyuma, ukisukuma draglinki iliyolala sambamba na chesisi. Kwenye Surf yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, mkono huenda kushoto na kulia. Mabokisi hayo mawili yanafanana kwa sura, na kila mwaka kuna mtu anayenunua la pili akitegemea litafanya kazi ya la kwanza. Linaweza kutumika, ila ni pamoja na kubadilisha mpangilio mzima wa mikono na draglinki.

Jambo lingine ni upande wa usukani. Nusu-kata za Japani ni za usukani wa kulia, zinazotufaa Tanzania, Kenya na Uganda. Spea nyingi zinazopitia Falme za Kiarabu zimetoka kwenye magari ya usukani wa kushoto. Hizo humfaa msomaji wa Goma, Kigali au Bujumbura, ambako magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Video nyingi za Wamarekani wanaofunga boksi la Saginaw, aina ya Kimarekani, kwenye Land Cruiser nazo ni za usukani wa kushoto, na vipimo vyao havihamishiki kwako moja kwa moja.

Chesisi mahali boksi linapofungwa ikaguliwe kwa brashi ya waya na tochi. Nguvu ya pawa hupasua chesisi iliyochoka kuanzia kwenye matundu ya bolti, kwa hiyo iongezwe bamba la chuma kabla ya kufunga. Huko ndiko kuchomelea kunakoruhusiwa. Mkono wa stelingi, draglinki, tairodi, hakuna hata kimoja cha kuchomelewa, kupashwa moto na kunyooshwa. Chuma hicho kimetiwa ugumu kiwandani, na moto wa gereji huuondoa bila kuacha alama yoyote ya kuonekana. Kikipinda, kinatupwa.

Zamu ya kazi na majaribio

Kama pesa ni ya kugawa, mimi ningeanza na mafuta ya breki, raba, mipira ya zamani na paipu zenye kutu. Kisha dramu za nyuma na hendibreki, kisha vali ya mzigo, kisha viungio vya stelingi na kingipini. Ifuate wilialaimenti. Hapo endesha gari mwezi mmoja ukiwa na mzigo wako wa kawaida, ndipo uamue kama bado unahitaji kalipa kubwa au pawa. Ukibadilisha breki au stelingi kwa kitu kisicho cha modeli yako, mwarifu mwenye bima kwa maandishi kabla gari halijaingia barabarani.

Pedi na diski mpya zinataka kuzoeana. Tafuta barabara tupu, nenda kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kama kumi huku ukiacha nafasi ya kupoa katikati. Kisha jaribu gari likiwa tupu kwenye uwanja wa changarawe: kanyaga kwa nguvu ukiwa mwendo mdogo, mtu akitazama kwa nje. Matairi ya mbele yakianza kukwama kabla ya ya nyuma, uwiano uko sawa. Ya nyuma yakitangulia, gari lirudi gereji siku hiyohiyo, vali ya mzigo irekebishwe upya. Rudia jaribio ukiwa umepakia, na baada ya hapo gusa kila rimu kwa nyuma ya kiganja. Gurudumu lenye moto kuliko wenzake lina kalipa au brekishu inayong'ang'ania. Baada ya kilomita 500 kaza tena bolti za boksi, bolti za kalipa na nati za magurudumu, na uhakikishe kila pini ya kufunga nati za tairodi endi ipo mahali pake, imekunjwa.